Akiridhia Mwenyewe, Yatosha?

MWALIMU WA ANATOMIA: Nianze na jambo linalosahauliwa kila mara: watu hawa ambao maiti zao zinaonyeshwa waliomba wenyewe. Gunther von Hagens alibuni plastinesheni, njia ya kuhifadhi maiti kwa plastiki, mwaka 1977 katika Chuo Kikuu cha Heidelberg, Ujerumani, na miaka michache baadaye akaanza kuandikisha watu wanaotaka kutoa miili yao wakishakufa. Leo walioandikishwa wamepita 20,000, na wengi wao bado wako hai. Maonyesho yake ya miili hiyo, Körperwelten, yalianzia Tokyo mwaka 1995, na tangu hapo yametazamwa na watu zaidi ya milioni 50. Mtu mzima, mwenye akili timamu, akisema, “Nikifa nionyesheni, watu wajifunze,” mimi ni nani hata nimkatalie?

MWOSHA MAITI: Mwanangu, mimi simkatalii mtu. Nauliza tu kama anacho cha kutoa. Kwetu, mtu akifa ana haki nne juu ya walio hai: aoshwe, akafiniwe, aswaliwe, azikwe. Wakijitokeza wachache wakamfanyia hayo, wengine wote tumeondokewa na wajibu. Asipojitokeza hata mmoja, mji mzima una dhambi. Deni hilo hatudaiwi na marehemu peke yake, tunadaiwa na Mungu. Sasa marehemu ametia saini karatasi, atatusameheje deni lisilo lake peke yake?

MWALIMU WA ANATOMIA: Hilo ni la Waislamu, mama, na nalipa heshima yake. Mjerumani aliyetia saini hakuwa chini ya sharti hilo.

MWANASHERIA: Tusimalize haraka hivyo, Mwalimu, kwa sababu hata mahakamani hoja ya mama ina wenyewe. Katika sheria tuliyorithi kwa Waingereza, maiti si mali. Huwezi kuirithisha kama shamba. Wakenya tulilijua hilo kwa uchungu katika kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Nairobi, akasema ndivyo marehemu alivyotaka. Ukoo wa Umira Kager ukadai azikwe nyumbani kwao Nyalgunga, Siaya. Mwili ukalala mochwari miezi mitano, na Mei 1987 Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo ushindi. Maneno ya marehemu yalisikilizwa, lakini hayakuwafunga walio hai. Kwa hiyo mtu wa huku akitia saini leo kutoa mwili wake kwa makumbusho, sina hakika karatasi yake ingefika jioni ya siku ya msiba.

MWALIMU WA ANATOMIA: Na mimi hilo ndilo linaloniuma! Otieno alikuwa mtu mzima aliyesoma sheria, lakini alipokufa ikawa hana kauli hata juu ya shimo lake. Tunasema tunawaheshimu wafu, kumbe tunaowaheshimu ni wajomba. Wenzetu wameamua kwamba neno la mwisho ni la mwenye mwili. Sheria ya tishu za binadamu ya Uingereza, ya mwaka 2004, inasema mwili hauonyeshwi hadharani mpaka mwenyewe awe ameridhia kwa maandishi angali hai, mbele ya shahidi. Mke hawezi kuridhia kwa niaba yake, mtoto hawezi, ukoo hauwezi. Hiyo ndiyo heshima ninayoijua mimi.

MWANASHERIA: Ni sheria nzuri, lakini ilikuwa na mlango wa uani. Ilipopitishwa, sharti hilo la ridhaa halikuugusa mwili ulioagizwa kutoka nje. Aliyekufa Manchester alihitaji fomu na shahidi. Aliyeletwa na meli kutoka ng’ambo hakuhitaji. Mwaka 2018 Birmingham ilipokea maonyesho ya miili iliyotoka China, na watu waliouliza fomu ziko wapi hawakuonyeshwa fomu.

MWALIMU WA ANATOMIA: Hayo hayakuwa ya von Hagens. Tusichanganye.

MWANASHERIA: Tuchanganye kidogo, kwa sababu anayenunua tiketi hawezi kutofautisha. Mwaka 2005 kampuni ya Premier Exhibitions ilifungua maonyesho yake New York, yenye miili isiyodaiwa iliyopitia mji wa Dalian, China. Hakuna aliyekuwa ameridhia. Mwaka 2008 mwanasheria mkuu wa jimbo, Andrew Cuomo, aliilazimisha kampuni iweke tangazo kwamba haiwezi kuthibitisha kuwa miili ile si ya wafungwa waliouawa kwa hukumu au kuteswa, na iwarudishie fedha watazamaji waliodanganyika. Hebu fikiri, Mwalimu: mtoto wa shule anasoma jina la msuli, na ukutani pameandikwa kwamba huenda mwenye msuli aliuawa na serikali yake. Na von Hagens mwenyewe, mwaka 2004, alikubali kurudisha China maiti saba zilizokuwa na dalili za watu waliouawa kwa hukumu. Zilikuwa zimeshafika kwake.

MWALIMU WA ANATOMIA: Alizirudisha. Na alikuwa akisema tangu zamani kwamba miili mizima anayoionyesha Ulaya na Marekani ni ya waliojitolea. Wakili, wewe unanihukumu kwa wizi wa jirani. Mimi natetea waliotia saini, hao tu. Wasiotia saini waondolewe kesho asubuhi, nami nitasaidia kubeba.

MWOSHA MAITI: Kesho asubuhi ungeanzia wapi, Mwalimu? Kule Marekani, au chuoni kwako? Wale mnaowafundishia vijana udaktari walitia saini?

MWALIMU WA ANATOMIA: Wengi hawakutia. Siwezi kulificha. Vyuo vingi vya udaktari Afrika hutegemea maiti zisizodaiwa: mtu ameletwa hospitali, amefia huko, mochwari imesubiri muda wake kisheria, hajatokea mtu. Uingereza ilianza vivyo hivyo. Mwaka 1828 Edinburgh, Burke na Hare waliua watu 16 wakauza maiti kwa mwalimu wa anatomia. Bunge likatafuta dawa, na dawa ikawa sheria ya 1832 iliyowapa madaktari maiti za maskini waliofia kwenye nyumba za hisani. Sisi bado tuko hapo. Lakini mwanafunzi wangu asiposhika ini la mtu aliyekufa, atajifunzia ini la mtu aliye hai. La mwanao, labda.

MWOSHA MAITI: Nakuelewa. Ila hamwiti “asiyedaiwa” kwa sababu hana mtu. Mnamwita hivyo kwa sababu mtu wake hana nauli, au hana simu, au anadaiwa bili ya hospitali na mochwari na anaogopa kujitokeza. Nimekwenda mochwari kuchukua maiti wa watu nikaona wengine wamefungwa kamba kwenye kidole cha mguu, kwenye karatasi pameandikwa “mwanamke, umri wa makamo”. Mwanamke huyo mahali fulani anaitwa mama Fulani. Kwenye baraza fulani wanaulizana mbona kimya.

MWANASHERIA: Basi hapo mama anakusaidia, Mwalimu, bila kutaka. Kama kila mwili wa kufundishia ungekuwa wa aliyejitolea, maskini angepumzika. Kujitolea ndiyo njia pekee ya kutoka kwenye hilo shimo.

MWALIMU WA ANATOMIA: Ndicho ninachokisema! Na watu watajitoleaje kwa jambo wasilowahi kuliona? Elimu ya mwili ilifungiwa kwa madaktari miaka mingi. Nenda kwenye chumba cha maonyesho utazame mapafu meusi ya mvutaji sigara yamewekwa kando ya mapafu mazima. Tazama mishipa ya damu ya mkono imebaki peke yake, myekundu, myembamba kuliko uzi wa kushonea, nyama yote imeondolewa. Kazi yenyewe ni ya subira. Mwili unatiwa formalini usioze. Unapasuliwa, ngozi na mafuta yanaondolewa kwa mkono, kidogo kidogo. Kisha unazamishwa kwenye asetoni baridi mno, mpaka maji yote ya mwilini yatoke na asetoni iingie mahali pake. Halafu unawekwa ndani ya silikoni, hewa inavutwa. Asetoni inachemka na kutoka, silikoni inaingia kwenye kila chembe. Mwisho viungo vinapangwa kwa waya na pini, mwili unakaushwa kwa gesi. Mwili mmoja mzima huchukua saa zipatazo 1,500. Anayedharau maiti hatumii saa 1,500 juu yake.

MWOSHA MAITI: Hizo saa sizidharau. Mimi kazi yangu ni saa moja au mbili, nayo nikueleze. Naingia na wawili wa kunisaidia, wengine wote nje, mlango umefungwa. Namfunika shuka, na maji napitisha chini ya shuka, mkono nimeuvisha kitambaa nisiguse uchi wake. Naanza kulia. Naosha mara tatu, au tano, isiwe shufwa, na maji ya mwisho natia kafuri. Nywele za mwanamke nazisuka misokoto mitatu, nailaza nyuma. Nazungumza naye taratibu: nyanyua, mama, geuka, mama. Na nikiona kitu, kidonda, alama ya kipigo, uvimbe aliouficha kwa mumewe miaka, hakitoki na mimi mlangoni. Mwosha anayesimulia alichokiona haitwi tena. Sasa wewe unaniambia kuna mahali ambapo kile ninachokificha ndicho kinachowekewa taa.

MWALIMU WA ANATOMIA: Kimewekewa taa ili mwenye uvimbe kama ule aende hospitali mapema. Huenda yule uliyemsitiri angekuwa hai leo kama angeuona wa mwenzake.

MWOSHA MAITI: Hilo limenigusa, sikatai. Lakini nijibu: anayecheza sataranji anamfundisha nani kwenda hospitali? Nimeonyeshwa picha. Maiti amechunwa, ubongo uko wazi, anafikiria hatua yake. Wengine watatu wako kwenye meza ya karata za kamari. Mwingine yuko juu ya farasi, ameshika ubongo wake mkono mmoja na wa farasi mkono wa pili. Huyo naye ni somo?

MWALIMU WA ANATOMIA: Ni somo. Msuli uliolala chali hausemi chochote. Mpandishe mtu juu ya farasi uone paja linavyobana na mgongo unavyojipinda. Na si jambo jipya. Vesalius alipochapa kitabu chake kikubwa cha anatomia mwaka 1543, mifupa yake ilichorwa imesimama, mmoja umeegemea jembe kama mkulima, mwingine umeweka mkono juu ya fuvu unatafakari. Watu huogopa maiti iliyolala. Iliyosimama wanaisogelea.

MWANASHERIA: Vesalius alichora. Karatasi haikuhitaji ridhaa. Kwa nini na nyinyi msitumie sanamu? Florence na Vienna kuna sanamu za nta za karne ya 18, mshipa kwa mshipa, na hakuna maiti anayesimama pale.

MWALIMU WA ANATOMIA: Maiti walisimama nyuma yake, wakili. Sanamu moja ya nta ilihitaji kupasuliwa miili mingi. Na nta ni mwili kama fundi alivyoufikiria. Kwenye meza yangu nimekuta mshipa wa mkono umepita pasipopita kwenye kitabu chochote, nimekuta figo mbili zimeungana kuwa moja kama kiatu cha farasi, mwenyewe amezeeka nazo bila kujua. Fundi wa nta angeisahihisha. Mwili wa kweli unamwonyesha mtazamaji kwamba yeye pia huenda asifanane na kitabu.

MWANASHERIA: Vema. Sasa tuje kwenye fedha, kwa sababu hapo ndipo Wafaransa walipoishia, na njia waliyopita ina mafunzo. Mwaka 2009 maonyesho yaliyoitwa Our Body yalikuwa Paris, miili kutoka China tena. Mashirika mawili, moja la kupinga hukumu ya kifo, yakaenda mahakamani. Jaji wa kwanza akasema mahali ambapo sheria imempangia maiti ni makaburini, akayafunga. Mahakama ya rufani ikayafunga pia, lakini kwa sababu nyingine: mwenye maonyesho hakuthibitisha kwamba wale watu waliridhia. Mwaka 2010 mahakama ya juu ikaja na sababu ya tatu: kuonyesha maiti kwa biashara kunaivunja heshima ambayo sheria ya kiraia inataka mabaki ya binadamu yapewe. Mahakama tatu, jibu moja, sababu tatu. Ukifuata ya pili, waliotia saini wako salama. Ukifuata ya tatu, saini haisaidii kitu mradi mlangoni kuna tiketi.

MWALIMU WA ANATOMIA: Na makumbusho gani hayana tiketi? Mummy wa Misri wametazamwa kwa tiketi miaka mingapi, na hakuna hata mmoja aliyejaza fomu? Hospitali inalipisha. Chuo kinalipisha karo. Hata sanda inauzwa, mama anajua.

MWOSHA MAITI: Sanda inauzwa, mwosha akipewa kitu anapokea. Ila hakuna anayelipa ili amtazame maiti ninapomwosha.

MWALIMU WA ANATOMIA: Mama, naomba nikuulize la nyumbani. Kalenga, Iringa, kuna makumbusho. Ndani yake, kwenye kioo, kuna fuvu la Mkwawa, mtemi wa Wahehe. Wajerumani walikikata kichwa chake mwaka 1898 baada ya kujipiga risasi. Likatajwa hadi kwenye mkataba wa Versailles mwaka 1919 kwamba lirudishwe, likarudi 1954 kwa mkono wa gavana Twining. Lilipofika halikufukiwa. Watoto wa shule wanapelekwa kulitazama, na mlangoni wanalipa. Mkwawa hakutia saini kwa mtu. Huko nako mtu amekosewa?

MWOSHA MAITI: Hilo limenikaa. Mimi ningelizika. Lakini si fuvu langu la kuamulia. Ni la Wahehe, na wao wameamua. Pale anayekwenda anajua anamwendea nani. Analiita jina lake. Wajukuu wake wako pale pale, wakitaka kesho wanaweza kusema sasa basi, tumzike. Wale wa kwako nani atasema sasa basi?

MWANASHERIA: Ingawa hata jina lile, mama, limekaa juu ya vipimo. Twining alilichagua Bremen katikati ya mafuvu mengine, akilinganisha na vipimo vya vichwa vya ndugu waliokuwa hai. Wahehe wakalipokea. Wakati mwingine watu wakikubali kumtunza mtu kwa jina, hilo lina nguvu kuliko kipimo.

Na kuna wawili London wanaosema zaidi ya hukumu zote nilizotaja. Jeremy Bentham, mwanafalsafa, alifariki 1832, na wosia wake ukaagiza apasuliwe mbele ya wanafunzi, mifupa yake ivishwe nguo zake, akae kitini. Yuko Chuo Kikuu cha London, UCL, mpaka leo, kofia kichwani. Kichwa chenyewe ni cha nta kwa sababu cha kweli kiliharibika kikikaushwa. Wa pili ni Charles Byrne, mtu mrefu kutoka Ireland aliyekuwa akionyeshwa kwa fedha angali hai. Alijua madaktari wanaumezea mate mwili wake, akawaomba rafiki zake wamzamishe baharini. Alipokufa mwaka 1783, mpasuaji John Hunter alitoa rushwa akaupata mwili, na mifupa ya Byrne ikasimama kwenye makumbusho ya Hunter zaidi ya miaka 200. Mwaka 2023 makumbusho yalipofunguliwa upya hakuonekana tena kwenye kioo, lakini mifupa imebaki mikononi mwao kwa ajili ya utafiti. Bahari aliyoiomba hajaiona. Bentham alikuwa na fedha na wosia. Byrne alikuwa na rafiki waliohongeka.

MWALIMU WA ANATOMIA: Kumbe tunakubaliana! Bentham abaki, Byrne akazamishwe. Tumfuate mwenye mwili.

MWOSHA MAITI: Na asiye na kauli? Katika picha nilizoonyeshwa yuko mwanamke mjamzito, ameegemea kiwiko kama aliye kitandani kwake, tumbo limefunguliwa, mtoto wa miezi minane yumo ndani. Tuseme mama mtu aliridhia. Kwetu mimba ikishapita miezi minne ikatoka, tunaosha, tunakafini, tunazika, na mtoto anapewa jina. Huyu amebakisha mwezi mmoja tu azaliwe. Nani alimuuliza?

MWALIMU WA ANATOMIA: Mzazi humwamulia mtoto mambo yote, mama. Hata matibabu.

MWANASHERIA: Humwamulia kwa faida ya mtoto, Mwalimu. Kila sheria ninayoijua inasema hivyo. Faida yake hapa ni ipi?

MWALIMU WA ANATOMIA: Kwake, hakuna. Ni kwa wengine. Mwanamke mjamzito akiuona alivyojikunja mle ndani anaelewa kwa nini asivute sigara, asinywe pombe. Lakini nakubali kwamba hapo nasimama kwa mguu mmoja. Kama ningeulizwa nitoe kitu kimoja kwenye ukumbi ule, ningemtoa yule.

MWOSHA MAITI: Umpeleke wapi?

MWALIMU WA ANATOMIA: Azikwe. Ingawa kumbuka, mama, silikoni haiozi kama nyama. Ardhi itakaa naye muda mrefu.

MWANASHERIA: Hilo ndilo linalonisumbua kwenye fomu kuliko yote. Anayetoa mwili kwa chuo cha udaktari kwa kawaida ana mwisho: mwaka mmoja, miwili, mitatu, kisha anazikwa au anachomwa moto, na katika nchi nyingi chuo huandaa ibada na wanafunzi wakahudhuria. Kwenye maonyesho mwisho haupo. Mkataba gani mwingine mtu anaufunga bila kikomo, asiweze kuuvunja, na ndugu zake wasijulishwe hata yuko mji gani? Jina halitajwi, sababu ya kifo haitajwi. Mwanawe anaweza kulipa tiketi akapita mbele ya baba yake.

MWALIMU WA ANATOMIA: Kutotajwa ni kwa kumlinda. Ukiandika jina, mtazamaji anaacha kutazama moyo, anaanza kutafuta habari za mtu. Na von Hagens hajajitenga na wengine: ni mgonjwa wa Parkinson, na ameshatangaza kwamba akifa naye atiwe plastiki, awekwe kwenye maonyesho yake.

MWOSHA MAITI: Yeye kila mtu atamjua. Atakuwa na jina, na wageni watamsalimu kwa jina. Hao 20,000 na zaidi wasimame na maandishi ya misuli?

MWALIMU WA ANATOMIA: Na kama wangekuwa na majina, mama, kila mmoja na jina lake na la kijiji chake, ungeingia?

MWOSHA MAITI: Ningeingia kuwaombea.

MWALIMU WA ANATOMIA: Hapo ndipo tunapoachana. Aliyetia saini alitaka atazamwe, na ukimwombea huku umefumba macho bado hujampa alichokiomba.